Mjamzito kutoka Unguja: siku chache Normandy na Bretagne, Ufaransa

Wakati mzuri ni wiki ya 14 hadi ya 27. Kichefuchefu kimepungua na tumbo halijalemea. Mashirika mengi ya ndege hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28, basi hesabu wiki za siku ya kurudi, si za kuondoka.

Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Ufaransa, inataka bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Soma masharti: bima nyingi hazilipi uzazi. Kadi ya kliniki ikae kwenye mkoba wa mkononi, na ndani ya ndege inuka utembee kila saa moja au mbili, damu isigande miguuni.

Kazi iko kwenye chakula. Jibini ya Camembert yenye nembo ya asili ya Normandy hutengenezwa kwa maziwa mabichi, na chaza wa Cancale, mji wa pwani ya Bretagne, huliwa wabichi. Viache vyote, kwa sababu ya listeria (bakteria wa chakula, hatari kwa mimba) na vijidudu vyengine. Kwenye lebo ya jibini laini ukiona "lait cru" (maziwa mabichi), rudisha. Jibini ngumu kama Comté inafaa, ingawa nayo ni ya maziwa mabichi, ukilikata ganda. Saladi ioshwe vizuri, nyama iive.

Mont-Saint-Michel, kisiwa chenye abasia ndani ya ghuba, ni ngazi tupu, panda nusu tu. Bamvua yetu ni kama mita nne; ghuba ile hupita 12, na maji hujaa kwa kasi. Usiteremke mchangani.

Ukipata homa, piga simu ya dharura, 15 au 112, na useme mapema kwamba umetoka Afrika Mashariki: daktari wa kule huenda asifikirie malaria.