Siku Kikoba cha Mama Kilipopata Milioni Hamsini

Mama ni mweka hazina wa kikoba chao. Kila Jumamosi jioni alikuwa anakaa na daftari na kalkuleta ya simu mpaka macho yanamuuma. Mimi nilikuwa na wiki ya tatu najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta ya mtumba, kifua mbele, nikamwambia hiyo kazi namwandikia programu, dakika mbili imeisha.

Akanitajia michango miwili ya kujaribia. Nikaingiza 5000, nikaingiza 3000, nikabonyeza. Jibu: 50003000.

Mama akavaa miwani, akahesabu tarakimu kwa kidole. "Milioni hamsini na elfu tatu. Haya mwanangu, ziko wapi tugawane?"

Nusu saa nzima nilikuwa naikagua alama ya kujumlisha, na wala haikuwa na kosa. Kumbe input, amri ya kupokea kinachochapwa, hupokea kila unachochapa kama maandishi, hata ukichapa tarakimu tupu. Kwa Python, ile 5000 yangu ilikuwa sawasawa na neno "embe". Na maandishi ukiyajumlisha huungwa tu, moja nyuma ya jingine.

Nikaandika upya: jumla ianzie sifuri, kila mchango uongezwe humo. Safari hii ikagoma kabisa: TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'. Mstari ule ulinitisha mpaka nikafunga kompyuta. Asubuhi nikausoma taratibu. Ulikuwa unasema kitu kidogo sana: upande huu una namba kamili, upande ule una maandishi, havijumlishiki. Nikaizungushia input amri ya int, inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, ikatii.

Nikampisha mama kitini. Akachapa kama anavyoandika daftarini, 5,000/=, na programu ikaanguka: ValueError: invalid literal for int() with base 10: '5,000/='. (Hiyo "base 10" nilidhani ni toleo la programu. Ni hesabu hizi hizi za kumi kumi tunazofundishwa tangu chekechea.) Nikamwambia asiweke koma wala ile mkwaju na sawasawa.

"Daftari zima nimeandika hivi," akasema, "leo nibadilishe kwa ajili ya mashine?"

Alikuwa na haki. Nikaongeza replace ya kufuta koma na nyingine ya kufuta /=, ndipo int ifanye kazi yake.

Kwenye mikopo nilikutana na kituko kingine. Riba yao ni asilimia kumi, nikazidisha 100000 kwa 1.1 nikapata 110000.00000000001. Nilidhani kompyuta ni mbovu. Sababu ni kwamba mashine huhifadhi desimali kwa mfumo wa mbili, na humo sehemu moja ya kumi haiishi, kama sisi tunavyoshindwa kumaliza kuandika theluthi moja: 0.333 na kuendelea. Inakatwa mahali, na kile kilichokatwa kinajitokeza baadaye. Tangu hapo hela sizigusi kwa float, yaani namba za desimali. Nazidisha kwa 110, nagawanya kwa 100 kwa mikwaju miwili, //, inabaki namba kamili.

Lakini makosa hayo yote, kusema kweli, yalikuwa ya kiungwana. Yalijionyesha. Lililonitoa jasho lilikaa kimya wiki mbili.

Nilikuwa nimeanza kuhifadhi michango kwenye faili la CSV, faili la maandishi lenye thamani zilizotenganishwa kwa koma, na mama akataka orodha ya waliochangia zaidi, wapongezwe kwenye kikao. Nikaipanga kutoka kubwa kwenda ndogo. Hakuna mstari mwekundu, orodha imenyooka, mama akaenda nayo. Alirudi amekunja uso. Aliyepongezwa alikuwa na 9000. Mama muuza vitumbua, aliyetoa 15000, alikuwa wa mwisho kabisa na hakusema neno kikao kizima.

Usiku ule nilikagua kila mstari mpaka nikajaribu type, amri inayokuambia kitu ni cha aina gani, kwenye thamani zilizotoka kwenye faili. Maandishi, zote. Nilizihifadhi zikiwa namba, lakini msomaji wa CSV alinirudishia maandishi, na maandishi hupangwa kama kamusi: 9 inaishinda 1 kwenye herufi ya kwanza, basi, urefu hautazamwi. Ndivyo 15000 ilivyokaa chini ya 9000. Nikaweka int pale pale faili linaposomwa. Mama alikwenda kuomba radhi yeye mwenyewe. Akarudi na vitumbua sita, nikapewa kimoja.

Kwa hofu ya kosa lile nikageuza kila kitu kuwa int, hadi namba za simu. Sifuri zote za mwanzo zikapotea, 07 ikawa 7, na hapo tena hakuna onyo lolote. Namba ya simu ina tarakimu lakini hakuna mtu anayejumlisha simu mbili. Nikairudisha kuwa maandishi.

Sasa programu inatumika, ila mama hajaliacha daftari. Akishaingiza michango analinganisha jumla kwa kalkuleta, mbele yangu, bila haya. Juzi kabla hajafunga kompyuta akaniuliza, "Zile sifuri za simu, umezirudisha zote au hadi nikuhakikie?"