Nilivyojifunza kujinasua kwenye roba

Mimi ni wakala wa pesa za simu. Kibanda changu kiko Tandika, nyumbani ni Mbagala, na kufunga ni saa tatu usiku. Kwa mtu wa kazi hii roba ya mbao si hadithi ya kusimuliwa. Unatoka na mkoba, mtu anakuja kwa nyuma anakutia mkono shingoni, mwenzake anakwapua, na wote wanapotelea uchochoroni kabla hujapata pumzi ya kupiga kelele. Jirani yangu wa kibanda alikabwa hivyo mwaka juzi. Fedha zilikwenda zote, na sauti yake ilikaa siku kadhaa ikitoka kwa kukwaruza. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta namna.

Nilianzia kwenye vitabu, maana kitabu hakikucheki. Kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaopanga chini pale Posta nilipata viwili vya Kiingereza, kimoja cha judo cha zamani, kingine cha kujihami kwa ujumla. Watoto wakishalala nilikuwa nasoma, kisha namwita mdogo wangu awe jambazi. Sivibezi vitabu hivyo, mengi yaliyomo ni ya kweli. Shida ni picha. Picha ya kwanza umekabwa. Picha ya pili uko huru na mkabaji yuko chini. Pale katikati, ambapo ndipo roho inapotaka kutoka, hakuna picha. Halafu mkabaji wa kitabuni ni mstaarabu ajabu: anakukaba, kisha anakusubiri umalize. Mdogo wangu naye alikuwa vilevile, tena akicheka.

Baadaye nikapata darasa la jioni upande wa Temeke, kwenye ukumbi wa kukodi, magodoro magumu yametandazwa chini. Wanaume walikuwa wengi, wanawake wa kuhesabika. Mwanzo hatukufundishwa kumpiga mtu, tulifundishwa kuanguka: kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo ujikunje, mkono mzima upige godoro kwa kishindo. Marufuku kutanguliza kiganja, kwa sababu uzito wote unaishia kwenye kifundo cha mkono na hapo ndipo watu wanapovunjika. Elimu hiyo peke yake ingewafaa abiria wote wa daladala ambao konda huwaambia "ruka" gari bado linatembea.

Tulipofika kwenye roba, nikamwambia mwalimu kwamba hii nimeisoma. "Haya dada," akasema, "sasa nikukabe kama wanavyokaba wao." Akanikaba, akanivuta nyuma huku akitembea. Hilo la kutembea kitabu hakikulitaja. Mtu anayekaba hasimami, anakuburuta ili miguu yako isipate pa kukanyaga. Mikono yangu ikaenda kumtafuta usoni, kama inavyokwenda ya kila mtu, na kumbe usoni hakuna msaada.

Alivyotueleza ni hivi. Mfupa wa mkono ukilala mbele ya koo, unabana njia ya hewa, na maumivu ni makali. Koo likiingia kwenye kona ya kiwiko, mkono unabana pande mbili za shingo, inapopita mishipa ya damu ya kwenda kichwani, na ukibanwa sawasawa unaweza kuzimia kwa sekunde 10 hivi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupata pumzi, kupigana kunasubiri. Mikono yote miwili inaning'inia kwenye mkono wake na kuuvuta chini, kidevu kinageukia upande wa kiwiko chake, ambako kuna kijinafasi, makalio yanashuka, miguu inapanuka. Ukishavuta hewa ndipo unamkanyaga, unampiga kiwiko mbavuni, unageuka kumwelekea na kutoka. Tulirudia hayo kwa mwendo wa kobe, kisha haraka, kisha mwenzako akibana kwelikweli na wewe huna ruhusa ya kujua ataanza lini. Ukizidiwa unamgonga mara mbili, anakuachia papo hapo. Bila makubaliano hayo mazoezi ya kukabana ni ya hatari, na nyumbani na mdogo wangu hatukuwa nayo.

Kile kitabu cha judo nilikielewa baada ya hapo. Kinaeleza kwamba Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882, aliyatenga mapigo ya hatari yabaki kwenye mazoezi ya kupangwa, ili yale mengine wanafunzi wafanyiane kwa nguvu zote dhidi ya mtu anayekataa. Mara ya kwanza niliipita aya ile nikaikimbilia picha.

Jambo jingine lililozua ubishi darasani ni kelele. Dar ukipiga yowe la "mwizi!" watu wanajaa, na kinachofuata kila mtu anakijua: mawe, tairi, petroli. Mimi sitaki mkoba wangu umchome mtu. Mwenzetu mmoja ambaye ni askari akatukumbusha Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18B: una haki ya kujitetea kwa nguvu ya kiasi inayohitajika, ukizidisha unawajibika wewe. Tangu hapo nafanya mazoezi ya kupiga kelele za "Niachie! Nisaidieni!" Wengine darasani wananiona mlaini. Sawa tu.

Roba halisi sijaipata. Nilichotumia ni kidogo zaidi: kituoni Rangi Tatu, kwenye kugombania gari, kijana alinishika kifundo cha mkono huku mwenzake akiuvuta mkoba. Nikauvuta mkono kupitia upande wa kidole gumba chake, ambako kiganja hufunguka kirahisi, nikapaza sauti, wakayeyuka. Wangekuwa na kisu ningewapa mkoba, na mwalimu anasema hivyohivyo. Ndiyo maana siku hizi pesa nyingi naziweka benki mchana na mimi na jirani tunafunga pamoja.

Ukitafuta darasa, kaa pembeni kipindi kimoja kabla ya kulipa. Angalia kama mwishoni wanafunzi wanakabana kweli, mmoja akikataa kuachia, au wanapiga hewa tu kwa mistari iliyonyooka. La kwanza nililotembelea mimi, kule karibu na nyumbani, walipiga hewa hadi muda ukaisha, wakainama, wakapiga picha ya pamoja.