Siku moja maishani mwangu: mkutubi na mashine zake

Saa mbili asubuhi. Nikifika tu nafungua Koha, programu inayoendesha maktaba yetu. Ilitengenezwa New Zealand ikaanza kutumika 2000, ni ya bure na msimbo wake uko wazi, yaani hata maktaba isiyo na hela inaweza kuwa na katalogi ya maana. Naipenda sana kwa hilo.

Saa tatu, kukagua rafu. Zamani ulitoa kitabu kimoja kimoja ukapiga bakodi, sasa kila kitabu kina tagi ya RFID ndani ya jalada, ni stika yenye chipu ndogo na antena, haina betri, nguvu inapata kwenye kisomeo chenyewe. Unapitisha kisomeo mbele ya migongo ya vitabu, majina yanatiririka kwenye skrini na kilichokaa sehemu siyo yake kinajulikana hapo hapo. Ila metali inaisumbua, rafu za chuma na majalada yenye foili unarudia kwa macho.

Saa tano anakuja mwanafunzi, "Dada, hivi vitabu mbona sivioni?" Orodha kapewa na ChatGPT. Tukakaa tukatafuta moja moja, kwanza WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za nchi nyingi, kisha kwa namba za DOI, zile za kudumu za kutambulisha makala. Kuna moja mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, lakini makala hiyo haijawahi kuandikwa, na kurasa alizotajiwa ni za mtu mwingine kabisa! Nikamweleza kwamba ile programu inatabiri maneno yanayoelekea kufuatana, haijaenda rafuni kuangalia. Simkatazi kuitumia, nataka tu ajue kuhakiki mwenyewe, na hapo ndipo naona mkutubi anahitajika kuliko zamani.

Saa saba chakula, haraka haraka.

Saa nane naskani magazeti ya zamani, nukta 400 kwa inchi, halafu OCR inageuza picha kuwa maandishi. Karatasi ikiwa imefifia inasoma "rn" kama "m", na ikishindwa kutenganisha safu, sentensi inaanzia habari moja inaishia kwenye tangazo la pembeni, basi unakaa unanyoosha mstari kwa mstari. Inachosha jamani, lakini siwezi kuiruka.

Kwa nini? Saa kumi anakuja mzee mmoja asiyeona, anatumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, ilianza 2006 Australia na mwanzilishi wake mwenyewe haoni. PDF ambayo ni picha tupu haimwambii chochote. Maktaba nyingi zinaskani, zinapandisha mtandaoni, zinasema tayari tumeshaweka kila kitu kidijitali, kumbe kwa mtu kama huyu mlango bado umefungwa, na hilo linaniuma kweli. Leo alisikiliza ukurasa niliounyoosha wiki hii, kwa spidi ambayo mimi sishiki hata neno, akaomba toleo la mwezi unaofuata. Bado halijasahihishwa, nimelipanga la kwanza kesho.