Ninavyofuatilia mashindano ya bridge mtandaoni ili mnada na uchezaji wangu unufaike

Bridge ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili: kwanza mnada wa kuahidi idadi ya triki (raundi za kushinda), kisha uchezaji wa kuitimiza ahadi hiyo, yaani mkataba. Karata zote 52 zikiwa wazi kwenye skrini, kila mtazamaji ni bingwa. Anamwona malkia wa kopa amekaa mashariki, kisha anashangaa kwa nini mchezaji wa timu ya taifa amemtafuta magharibi. Kutazama hivyo ni burudani, sina ugomvi nayo, ila haikuongezei kitu ukirudi mezani. Utaratibu ninaoutumia ni wa kujifungia kwenye kiti kimoja. Naona karata 13, nafuata mnada, na kila zamu ya kiti hicho ikifika naandika jibu langu kabla ya kuona mchezaji mwenyewe amejibu nini.

Mechi nyingi kubwa nazipata Bridge Base Online, ile tunayoiita BBO, kwenye sehemu yake ya vugrafu, yaani ya kuonyesha mechi karata kwa karata. Kuna matangazo ya moja kwa moja na kuna hifadhi ya mechi zilizopita. Kwa mafunzo hifadhi ni bora zaidi, kwa sababu unaweza kusimama kwenye zamu moja ukafikiri dakika tano bila kuachwa nyuma. Matangazo ya moja kwa moja nayaacha kwa siku za fainali. Vugrafu ni maandishi na picha ndogo za karata tu, hivyo kifurushi cha data hakiliwi kama kinavyoliwa na video.

Kwa wafuatiliaji wa Afrika Mashariki saa ni mtego mdogo lakini wa kudumu. Mashindano ya dunia ya timu, yenye kombe maarufu la Bermuda Bowl ndani yake, yalifanyika Marrakech mwaka 2023 na Herning, Denmark, Agosti 2025. Mechi ya saa 10:00 asubuhi Marrakech kwetu ni saa sita mchana. Ya saa hiyohiyo Herning wakati wa kiangazi ni saa tano asubuhi. Mashindano ya Marekani ni habari nyingine. Mechi ya saa 13:00 kwa saa za New York inaanza saa mbili usiku kwetu mwezi Julai, lakini mwishoni mwa Novemba inaanza saa tatu usiku, kwa kuwa wao wamesharudisha saa nyuma na sisi hatuna kawaida hiyo. Naandika kwanza kwa mtindo wa saa 24, ndipo nageuza.

Mechi za timu zinachezwa kwenye vyumba viwili, cha wazi na cha kufungwa, kwa karata zilezile. Timu ikikaa kaskazini na kusini chumba kimoja, wenzao wanakaa mashariki na magharibi chumba cha pili. Alama za vyumba viwili zinalinganishwa, na tofauti inageuzwa kuwa IMP, pointi za kulinganisha timu. Jedwali la vugrafu linahesabu bodi zilizokwisha pande zote mbili tu, kwa hiyo usishangae ukiona timu inaongoza huku bodi uliyoitazama sasa hivi haimo. Chumba kimoja kikichelewa, jedwali linasubiri.

Kabla ya kugusa chochote natazama namba ya bodi, kwa sababu ndiyo inayosema nani anaanza mnada na nani yuko hatarini, yaani zawadi na adhabu zake ni kubwa zaidi. Bodi 1 anaanza kaskazini na hakuna aliye hatarini. Bodi 2 anaanza mashariki, kaskazini na kusini wakiwa hatarini. Bodi 3 kusini, na hatari iko mashariki na magharibi. Bodi 4 magharibi, pande zote hatarini. Mpangilio mzima unajirudia kila baada ya bodi 16. Anayeruka hatua hii atalaumu dau la kuzuia (la juu, la mkono dhaifu, la kuwabana wapinzani) ambalo lilikuwa sahihi kabisa nje ya hatari.

Kuficha mikono mingine mitatu nafanya kwa kipande cha karatasi ngumu nilichokikata kwa ukubwa wa skrini na kuacha dirisha kwa kiti ninachokitaka na kwa kisanduku cha mnada. Mipangilio ya programu hubadilika, karatasi haibadiliki. Sehemu ya wachambuzi naifunga kabisa hadi bodi iishe, maana mchambuzi anaona karata zote na neno lake moja, "slemu hii inaingia", linaharibu zoezi lote.

Kabla ya mechi nafungua kadi za mifumo, yaani makubaliano ya maana ya madau, za jozi zilizo mezani. Shirikisho la dunia linaipanga mifumo kwa rangi: kijani ni mfumo wa kawaida, bluu ni ile ambayo 1 pau au 1 uru daima ni mkono mzito, nyekundu ni mifumo mingine ya kubuni, na njano ni ile isiyo ya kawaida kabisa, ambayo hairuhusiwi kila mahali. Sihitaji kadi nzima. Nasoma ufunguzi wa ngazi ya kwanza, 1NT (bila turufu) ni pointi ngapi, 2 uru maana yake nini (mara nyingi ni Multi, yaani mkono dhaifu wenye karata sita za kopa au za shupaza), na walinzi (jozi inayoupinga mkataba) wanatoa karata gani kuonyesha wingi au kupenda rangi. Hili la mwisho wengi hulipuuza. Jozi nyingi za juu hutumia ishara za kugeuza, karata ndogo ikiwa ndiyo ya kutia moyo, na ukizisoma kwa kanuni ya zamani utaona walinzi hao hawaelewani kabisa.

Tukija kwenye mnada, kitu kilichonisaidia kuliko vingine ni kufanya hesabu ya IMP kila ninapotofautiana na mchezaji. Chukua gemu (mkataba wenye zawadi ya ziada) ya kopa ukiwa hatarini. Ukifika 4 kopa (triki 6 na 4 juu yake) ukala triki 10 unapata 620, na aliyesimama 2 kopa akala zilezile 10 anapata 170. Tofauti ni 450, yaani IMP 10 kwako. Mkataba ukianguka kwa triki moja unatoa 100 huku yeye akipata 140: tofauti 240, IMP 6 kwake. Kwa hiyo gemu hiyo inalipa ikiingia zaidi ya asilimia 37.5 ya nyakati. Nje ya hatari hesabu ni IMP 6 za kupata dhidi ya 5 za kupoteza, na kizingiti kinapanda hadi karibu asilimia 45. Hapo ndipo utaelewa kwa nini jozi kama Meckstroth na Rodwell wa Marekani walijulikana kwa gemu nyembamba zinazotisha. Wamekubali kuanguka mara nyingi kuliko wanavyofaulu, na bado wanatoka na faida.

Slemu ndogo, mkataba wa triki 12, ni rahisi kukumbuka. Ukiwa hatarini, 1430 dhidi ya 680 ni IMP 13, na ikianguka kwa triki moja unapoteza 13 vilevile, kwa hiyo unahitaji nusu kwa nusu. Slemu kubwa, ya triki zote 13, ni ghali. Chumba cha pili kikiwa kwenye slemu ndogo, unapata 13 ukifaulu na kupoteza 17 ukianguka, kwa hiyo unahitaji karibu asilimia 57. Na hiyo ni kabla ya kujiuliza kama wale wa chumba cha pili wamefika hata slemu ndogo.

Hesabu ya dabo (dau la kuongeza zawadi na adhabu za mkataba wa wapinzani) kwenye mikataba midogo ndiyo iliyofukuza tabia yangu mbaya kuliko zote. Wapinzani wako 2 shupaza, wako hatarini, na unahisi wataanguka. Ukipiga dabo wakaanguka kwa triki moja unapata 200 badala ya 100, nyongeza ya IMP 3. Wakila triki nane wanapata 670 badala ya 110, na hizo ni IMP 11 zilizokwenda. Lazima waanguke karibu mara nne kwa kila mara moja watakayofaulu, ndipo mnatoka sare. Ukitazama mechi za timu utaona dabo za namna hii ni chache, na zikitokea aliyepiga huwa na turufu nyingi nyuma ya mwenye mkataba. Kwenye mashindano ya jozi, ambako kila bodi ina uzito sawa, mambo hugeuka, kwa hiyo usichanganye mafunzo ya huku na ya kule.

Karata ya kufungulia ndiyo zamu ambayo karatasi yangu ya kuficha inalipa zaidi, kwa kuwa mlinzi anaicheza kabla mkono wa mezani (wa mwenzi wa mwenye mkataba, unaowekwa wazi) haujafunuliwa, na mimi niko gizani sawasawa na yeye. Nasimamisha mnada ukiisha, naandika karata na sababu yake kwa maneno machache, ndipo naendelea. Kuna mambo yanajirudia. Mnada ukiwa 1NT kisha 3NT moja kwa moja, aliyejibu hakuuliza rangi kubwa (kopa na shupaza) kwa dau la Stayman, kwa hiyo mara nyingi hana nne za kopa wala za shupaza. Ukiwa na urefu sawa kwenye rangi kubwa na ndogo, wataalamu huanza na kubwa. Dhidi ya 6NT hutafuta karata isiyotoa zawadi. Dhidi ya slemu ndogo ya turufu ni kinyume: wanathubutu kutoka kwa mfalme kujenga triki moja kabla ree yao haijachukuliwa. Hizi si amri. Mnada wenyewe ndio unaoamua, na ukiandika sababu utagundua mara ngapi ulichagua karata kwa mazoea tu.

Kwenye uchezaji nahamia kiti cha mwenye mkataba, sasa mikono miwili ikiwa wazi. Nahesabu triki za uhakika na zilizopungua kabla ya kucheza karata ya kwanza kutoka mezani. Mfano unaojitokeza tena na tena: 3NT, mezani kuna A K 6 4 2 ya uru na hakuna njia nyingine ya kuingilia mezani, mkononi una 8 5 3. Walinzi wana uru tano. Ukikimbilia ree na mfalme kisha ukaachia ya tatu, rangi imesimama lakini umefungiwa nje, na una triki mbili tu. Ukihitaji nne, achia raundi ya kwanza, yaani waache walinzi waishinde. Inafaulu zikigawanyika 3 na 2, asilimia 68. Ukihitaji tatu tu, achia mara mbili. Hapo unafaulu hata zikigawanyika 4 na 1, na jumla inafika asilimia 96.

Mtazamaji anayeona mgawanyo ni 3 na 2 atasema bingwa amepoteza triki bure. Kweli ametoa pointi 30, yaani IMP 1, kama bima dhidi ya kuanguka ukiwa hatarini, ambako 600 za chumba cha pili na 100 zake zinakuwa 700: IMP 12. Sharti ni kwamba walinzi, wakishika mara mbili, wasiwe na rangi ya kukimbia nayo. Kama wanayo, bima imekuwa mkopo.

Programu za kukokotoa triki zikiwa karata zote wazi, kama kitufe cha GIB cha BBO, nazitumia mwisho kabisa. Zinajibu swali moja tu: nani angekula ngapi kama kila mtu angeona kila karata. Ukiwa na turufu tisa bila malkia, umecheza raundi moja na wote wamefuata kwa karata ndogo, kucheza ya juu kutoka upande wa pili kunazidi kidogo finesi (kucheza karata ya chini yake ukitumaini malkia yuko upande unaofaa), takriban 52 kwa 48. Malkia akiwa na karata tatu upande wa finesi, kompyuta itasema mchezaji ametupa triki. Hajatupa chochote. Pale programu inaposema triki nyingi na vyumba vyote viwili vikala chache, karibu kila mara tatizo ni la namna hii. Inapotofautisha vyumba viwili ndipo narudi nyuma kutafuta ni karata ipi iliyoachanisha njia.

Vyanzo vya makosa havikosi. Mechi nyingi zimeingizwa kwa mkono na mwandishi aliyekaa karibu na meza, na akiteleza utaona karata isiyowezekana ikitokea kisha kufutwa. Mashindano makubwa yana pazia linalokata meza kimshazari: kaskazini na mashariki upande mmoja, kusini na magharibi upande wa pili, na maelezo ya dau huandikwa kwa mpinzani wako wa upande uleule wa pazia. Ndiyo maana maelezo hayo mara nyingi hayafiki kwenye vugrafu. Nikikosa maana ya dau na kadi ya mfumo haisemi, bodi hiyo naiacha. Kukisia kunanifundisha mfumo ambao haupo. Pia bodi nyingi hukatika kwa madai ya triki zilizobaki, na hapo namalizia mwenyewe kwa kalamu.

Bodi zinazofaa namtumia patna wangu. Faili la LIN, ambalo BBO huhifadhi bodi ndani yake, likifunguliwa kama maandishi ya kawaida linasomeka: baada ya md| kuna namba ya anayeanza mnada (1 kusini, 2 magharibi, 3 kaskazini, 4 mashariki), kisha mikono kuanzia kusini, kila mkono ukitenganishwa kwa mkato, mb| ni dau moja moja, an| ni maelezo yake, pc| ni karata zilizochezwa na mc| ni madai. Nanakili mkono wake mmoja na madau yote hadi kabla ya zamu yake, namba ya bodi juu, na namtumia hivyo tu kwa ujumbe mfupi. Yeye anajibu kwa dau na sababu moja. Akishajibu ndipo namtumia faili zima.