Dumu la mafuta na msitu wa Ngezi
Juzi nilimpeleka mwanangu Ngezi, tukapanda daladala mpaka Konde, kisha bodaboda. Ukiingia chini ya ile mivule, jua linakatika ghafla, na ubaridi unakushika kama umefungua mtungi. Mtoto akauliza, "Baba, Pemba yote ilikuwa hivi?" Nikamwambia sehemu kubwa, ndiyo. Karne ya 19 ikaja mikarafuu, msitu ukafyekwa, na visiwa vyetu vikatajirika (waliotajirika si waliokuwa wakichuma, hilo najua kwa babu zangu). Popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote pengine duniani, leo anasaka miti mikubwa ya kulala kwa taabu.

Tumerudi nyumbani, mama watoto anakaanga samaki. Nikaligeuza lile dumu la njano: mafuta ya mawese, Indonesia. Huko kwao, Sumatra na Kalimantan, wanafyeka msitu wa mvua wapande michikichi. Indonesia na Malaysia peke yao wanatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese ya dunia. Brazili nako sehemu kubwa ya Amazon iliyokatwa imekuwa malisho ya ng'ombe.

Nilitaka kuwalaumu, ulimi ukawa mzito. Wanafanya tulichofanya sisi, ila kwa matingatinga. Na hao Waindonesia wamekuwa wakinunua karafuu zetu, wanazitia kwenye sigara zao.

Samaki nilimla. Mtoto bado anauliza wale popo watalala wapi.