Manila ni salama? Manila ipi?

Tangu nihamie huku Ufilipino swali linalojaa inboksi ni moja tu, eti Manila pako salama kweli? Na mtu akiuliza hivyo najua jibu anayo tayari, kaona klipu ya mtu anakwapuliwa simu kwenye foleni au kasikia habari za rais wa zamani Duterte na maiti barabarani, anachotaka ni mimi nimwambie ndiyo ni kweli, usije. Mimi namrudishia swali, Manila ipi? Maana hiki tunachokiita Manila ni miji 16 na manispaa moja ndogo ya Pateros vimeungana mpaka huoni mpaka, watu zaidi ya milioni 13 kwa sensa ya 2020, na mji wenyewe wa Manila ni kipande tu humo ndani. Mtu wa BGC, mtaa wa kitajiri wa maghorofa kule Taguig, na mtu wa Tondo, uswahilini karibu na bandari, wote watakwambia wanaishi Manila, ila usiku wao haufanani hata kidogo.

Kitu cha kwanza utakachokiona ukifika ni walinzi. Yaani wako kila mlango. Benki sawa, lakini huku hata duka la dawa, hata duka la donati, na maduka ya kuweka vitu rehani ndo usiseme, mlinzi kasimama na bunduki kubwa mkononi kama anasubiri vita. Sehemu nyingine unakuta kibao kabisa kinaomba wateja waache silaha zao mlangoni. Ukienda mall kuna foleni mbili, wanaume huku wanawake kule, unafungua begi, nilipofika mlinzi alikuwa anachomeka kijiti cha mbao, anakisukuma mara mbili juu ya sweta lako, anakukaribisha kwa heshima zote na hata ndani hajaangalia. Kile kijiti bana! Ungekuwa na panga chini ya sweta lisingeonekana. Nikamuuliza mwenzangu kazini, Mfilipino, hii inasaidia nini, akacheka, akasema siku ukikuta mlangoni hamna mtu na kijiti ndo utajua inasaidia nini, utageuza urudi nyumbani.

Na hakikuanza hivihivi. Tarehe 30 Desemba 2000 mabomu yalilipuka sehemu kadhaa za jiji siku moja, moja ndani ya treni ya LRT, wakafa watu 22. Mwaka 2005 siku ya wapendanao basi likalipuliwa Makati, mmoja wa ile miji 16. Kwa hiyo watu wakazoea kukaguliwa, wakazoea mpaka ukaguzi ukabaki ni salamu tu. Alafu Juni 2017 jamaa mmoja na bunduki lake akampita mlinzi mlangoni akaingia Resorts World, kasino iliyo karibu na uwanja wa ndege, akawasha moto humo ndani, watu 37 wakafa, wengi kwa moshi wala si kwa risasi. Usiku ule kila mtu alisema ni magaidi. Polisi wakaja kusema ni mcheza kamari aliyezama kwenye madeni.

Sasa panda jeepney, daladala lao. Benchi mbili zinatazamana, mlango uko nyuma, dereva kule mbele, kondakta hayupo. Nauli inatembea. Wa nyuma kabisa anatoa noti ya peso mia anasema "bayad po", yaani nauli hii, anampa jirani, jirani anampa wa mbele yake, inapita viganja vya watu sita ambao hawamjui mpaka imfikie dereva, na chenji inarudi njia ileile, mkono kwa mkono, haipungui hata sarafu. Sijawahi kuona imepotea. Alafu waangalie haohao waliokuwa wanapitisha hela: kila mmoja kakumbatia begi kifuani, simu haitoki, kwa sababu wanajua kuna vibaka wanaokubana pande zote mbili mmoja akuchomoe, wanaitwa ipit gang, na wengine wanatembea na wembe wa kuchania begi. Unamkabidhi mtu hela yako na dakika hiyohiyo unamlinda asikuibie. Mimi ilinichanganya sana mwanzoni, wao wala hawaoni ajabu yoyote, nauli ni nauli na mwizi ni mwizi.

Kuna taasisi huku inaitwa Social Weather Stations, miaka na miaka inawauliza wananchi mambo haya. Majibu yake yanafanana sana, zaidi ya nusu ya familia zinasema mtaani kwao watu wanaogopa wezi wa kuvunja nyumba, lakini ukija kwenye familia zilizoibiwa kweli au kuvamiwa ndani ya miezi sita iliyopita, kwa miaka ya karibuni haifiki hata kumi kwa mia. Wengi wakiona hivyo wanasema si unaona, watu wanajitisha bure, ni taarifa ya habari na zile klipu za CCTV zinazozunguka Facebook, pikipiki ina watu wawili, wa nyuma anashuka, unajua kinachofuata. Klipu zinachangia, sikatai. Ila mimi hiyo tafsiri siikubali yote. Anayeogopa anaweka nondo dirishani, anafuga mbwa, anawahi kurudi nyumbani, hatoi simu njiani, sasa utashangaaje hajaibiwa?

Na hapo nafika kwenye kitu ambacho watu wa nje hawakielewi kuhusu enzi za Duterte. Aliapishwa Juni 30, 2016, akiwa ameahidi kumaliza madawa ya kulevya, na polisi wakaanza kupita nyumba kwa nyumba na orodha ya majina, ndo hiyo Tokhang mnayoisikia. Mpaka anatoka madarakani 2022 serikali yenyewe ilikuwa inakubali watu zaidi ya 6,000 wameuawa kwenye operesheni za polisi, na watetezi wa haki za binadamu wanasema idadi ya kweli ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Maelezo ya polisi yalikuwa yaleyale kila mara, alipambana. Sasa wakati hayo yote yanatokea, watu wengi tu wa Manila walijisikia salama kuliko zamani! Na hawakudanganyi. Mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima namwita Tita, yaani shangazi, kama wanavyomwita wote, ananambia miaka ile alikuwa anaweza kusahau geti wazi, vijana wa kona waliokuwa wanavuta vitu vyao wakapotea, binti yake anarudi zamu ya usiku bila presha.

Siku anaongea hayo, Ate, yaani dada, anayekuja kumfulia alikuwa palepale uani anakamua nguo. Hakusema kitu. Baadaye Tita alipoingia ndani akanambia yeye anakaa Payatas, mtaa wa watu maskini, na miaka hiyohiyo pikipiki ikisimama nje ya nyumba yao usiku walikuwa wanazima taa na redio na kusubiri kusikia itagonga mlango wa nani. Wanawe wa kiume giza likiingia alikuwa anawafungia ndani. Si kwamba alikuwa anaogopa mwizi.

Mji ni uleule na miaka ni ileile jamani, na hawa wawili wanafahamiana, wanakunywa kahawa pamoja.

Kijana aliyefanya wengi wastuke ni Kian delos Santos, miaka 17, aliuawa Caloocan, mji mwingine humuhumu, Agosti 2017. Polisi wakasema alifyatua risasi. Bahati mbaya kwao kamera ya mtaa ilikuwa imemnasa anaburutwa na watu wasio na sare, na Novemba 2018 askari watatu wakahukumiwa kwa mauaji. Kesi za namna hiyo kufika mwisho ni za kuhesabu. Alafu Machi 2025 Duterte mwenyewe akakamatwa uwanja wa ndege wa Manila akitoka Hong Kong, akasafirishwa mpaka The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na usiku ule jiji lilipasuka pande mbili, kuna waliolia kwa furaha wameshika picha za watoto wao na kuna waliokesha wanamwombea arudi. Ukiuliza usalama huku ujue unauliza na hilo, kwa hiyo kuwa mwangalifu unamuuliza nani mezani.

Kwa mgeni mambo ni madogo zaidi ya hayo. Madereva teksi wanaosema mita imeharibika. Meseji za utapeli zinazokuita jina lako kabisa, wakapitisha sheria ya kusajili laini mwaka 2022 na meseji zinaingia tu mpaka leo. Mwaka 2015 kulikuwa na skendo ya risasi uwanja wa ndege, abiria wanaambiwa begi lako lina risasi na wao wanaapa hawazijui, watu wakawa wanazungushia mabegi plastiki tabaka kwa tabaka kabla ya kusafiri. Hofu ya Hong Kong nayo ilichukua muda, maana 2010 polisi aliyefukuzwa kazi aliteka basi la watalii wao, akawashikilia pale Rizal Park, wakafa wanane, na serikali ya Hong Kong ikawa inawaonya watu wao wasije mpaka 2014.

Mimi mweusi mrefu, nikiingia kwenye lifti saa nne usiku kuna mama atavuta pochi yake karibu kidogo. Nasema "magandang gabi po", habari za usiku, anacheka, tunashuka. Kwa hiyo na mimi nimo kwenye orodha ya mtu.

Anayekuja namwambia hivi. Ermita na Malate, mitaa ya baa na hoteli, usiku mnene usitembee umelewa, simu usiishike upande wa barabara, gari ita kwa programu ili bei uijue kabla hujapanda, Quiapo na Divisoria, kwenye masoko yenye msongamano, nenda mchana na begi liwe mbele. Ukipata shida mtaani usianze kuhangaika kutafuta kituo cha polisi, ulizia barangay hall, ndo serikali yao ya mtaa na iko kila baada ya vichochoro vichache. Utawakuta tanod, sungusungu wao, wana tochi na rungu na mara nyingi wanaangalia mpira wa kikapu, watakuandikisha kwenye daftari lao na mmoja atatoka kwenda kukutafutia tricycle, pikipiki yenye kibanda cha abiria pembeni, na nauli atakupangia yeye ili dereva asikupige.