Siku ya Uamuzi Si Siku ya Maumivu: Miaka Yangu ya Uchambuzi wa Sera Nairobi

Nilianza kazi hii Januari 2016 nikiwa mwanagenzi katika shirika moja dogo la utafiti mtaani Kilimani. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uchumi, naishi kwa shangazi yangu Umoja. Kila asubuhi nilipanda matatu hadi katikati ya jiji, kisha nikachukua ya namba 46 hadi Yaya. Mshahara haukuwepo. Nilipewa pesa za nauli, na hizo pia zilichelewa. Mwezi wa tatu nilikuwa nikishuka mjini na kutembea njia iliyobaki, viatu vya ofisini vikiwa ndani ya mkoba.

Nalitaja hili kwanza kwa sababu ndilo linaloamua nani anaingia katika kazi hii. Mwaka ule tulikuwa wanagenzi wanne. Wawili waliacha kabla ya Juni, na mmoja wao alikuwa na kichwa kizuri cha hesabu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja. Hakuwa na shangazi Umoja.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kunakili. Ripoti za Mdhibiti wa Bajeti kuhusu kaunti 47 zilikuja kama faili ambazo huwezi kunyofoa jedwali ndani yake, basi nikaingiza tarakimu moja moja kwenye Excel: kaunti ilitengewa kiasi gani, ikapokea kiasi gani, ikatumia kiasi gani, na kwa maendeleo zilikwenda ngapi. Miezi sita. Wakati ule niliona kama ni adhabu. Leo, mtu akiniuliza nilisomea wapi bajeti, namtajia zile ripoti. Ukishaandika kwa mkono wako, kaunti baada ya kaunti, kwamba fedha za maendeleo ziliingia karibu na mwisho wa mwaka wa fedha, huhitaji mhadhiri kukueleza kwa nini zahanati imesimama bila paa.

Mwaka 2018 nilikuwa msaidizi wa utafiti, sasa na mshahara, nikapelekwa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, kufuatilia nishati ya kupikia. Mwaka ule ulikuwa mgumu jikoni. Mwezi wa Februari serikali ilikuwa imepiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, na makaa yakapanda bei. Kisha Septemba mafuta taa yakawekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya maana: wafanyabiashara walikuwa wakichanganya mafuta taa na dizeli kwa kuwa yalikuwa bei rahisi, magari yakaharibika na kodi ikapotea. Bei zikisogezwa pamoja, faida ya kuchanganya inakwisha.

Kwenye karatasi nilikubaliana na hoja hiyo. Ndipo nikakaa jikoni kwa mama mmoja mwenye watoto watatu, chumba cha mabati, stovu ikiwa juu ya stuli fupi kando ya mlango. Hakuwahi kununua lita. Alinunua mafuta ya shilingi 50, kila jioni, akitumia chupa ileile ya soda ambayo alikuwa ameichora alama kwa msumari pale mafuta ya hamsini yalipokuwa yakifika zamani. Jioni ile mafuta yalikomea chini ya alama, upana wa kidole na kitu. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaniambia, "Mwanangu, hiyo nafasi hapo juu ni maharagwe. Maharagwe hayaivi na nusu moto." Tangu siku hiyo nyumba yake ilikuwa ikila sukuma na ugali, maharagwe yakisubiri mwisho wa mwezi.

Nilirudi ofisini nikaandika ripoti ya kurasa 42. Ilikuwa na mbinu, takwimu, grafu za rangi, na yule mama na chupa yake wako ukurasa wa 31. Tukaalikwa kuzungumza na wabunge kadhaa. Mheshimiwa mmoja aliigeuza ripoti, akaifungua mwanzo, akaifungua mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, ni ukurasa gani unaosema mnataka tufanye nini?" Haukuwepo. Na hata ungekuwepo, sheria ya mwaka ule ilikuwa imeshapita. Rais alikuwa ameitia saini Septemba, tozo inakatwa, na sisi tunagawa ripoti Novemba.

Swali lile ndilo lililonibadilisha kutoka mtafiti kuwa mtu wa utetezi wa sera, ingawa sikuelewa papo hapo. Nilidhani tatizo ni urefu wa ripoti, nikajifunza kuandika muhtasari wa ukurasa mmoja. Urefu ulikuwa nusu tu ya tatizo. Nusu ya pili nilifundishwa na gesi.

Aprili 2020, corona imefunga kila kitu, Bunge lilipitisha mabadiliko ya kodi kwa haraka. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 wakaondolewa kodi ya mapato. Nikiwa nyumbani, kompyuta juu ya meza ya kulia, niliandika uchambuzi mzuri kuhusu nafuu hizo. Uliombwa redioni mara mbili. Ila katika sheria za kodi za mwaka huo kulikuwa na jambo jingine: gesi ya kupikia ilikuwa inatolewa kwenye orodha ya bidhaa zisizotozwa VAT. Utekelezaji ukasogezwa hadi 1 Julai 2021. Mimi, mtu niliyekaa Mukuru nikitazama chupa ya mafuta taa, nilipita juu ya mstari huo macho yakiwa kwenye habari njema.

Julai 2021 ilipofika, VAT ilikuwa imesharudi asilimia 16, na mtungi wa gesi ukapanda. Simu zikaanza: waandishi wa habari, vikundi vya kina mama, mashirika wenzetu. Kila mtu alisema, "Serikali imepandisha gesi leo." Nami nilijua haikuwa leo. Uamuzi ulikuwa umefanywa mwaka uliopita, watu wakiwa ndani kwa sababu ya kafyu, na mlango wa kutoa maoni ukiwa umeshafungwa. Siku ya uamuzi haikuwa siku ya maumivu, na sisi tuliolipwa kusimama katika ile siku ya kwanza hatukuwepo. Niliumia sana. Niliomba radhi kwenye kikao cha wafanyakazi, nikaomba kitu kimoja: kalenda kubwa ya ukutani.

Kalenda hiyo ndiyo kazi yangu hadi sasa. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kufikia 15 Februari Hazina Kuu inatakiwa iwe imefikisha Bungeni taarifa ya sera ya bajeti, ile inayoweka viwango vya juu vya matumizi kwa kila sekta. Kufikia 28 Februari kaunti nazo zinapeleka mikakati yao ya fedha kwenye mabunge yao. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yawe yamewasilishwa, na Mswada wa Fedha hufika takriban wakati huohuo, kisha unatakiwa upite kabla ya 30 Juni. Watu wengi huja kupiga kelele Juni, siku ambayo waziri anasoma bajeti na kubeba mkoba mbele ya kamera. Siku hiyo karibu kila kitu kimeshaamuliwa. Aliyetaka pesa za maji Mukuru alipaswa kuwa ameongea Februari.

Kwa hiyo mwaka 2022 tulianza mapema. Nilikuwa sasa mchambuzi kamili, na nilikuwa na bahati ya kuongozwa na mama mmoja aliyestaafu utumishi wa umma baada ya miaka mingi kwenye mambo ya kodi. Tulimwita Mwalimu. Rasimu yangu ya kwanza ilisema gesi "isamehewe VAT". Akachora mstari mwekundu chini ya neno "isamehewe", akaniita nikae karibu yake.

"Ukisamehe," akasema, "muuzaji hatozi VAT, lakini ile aliyolipa yeye kwenye usafiri na mitungi na ukarabati hawezi kuidai. Ataiweka wapi?"

"Kwenye bei," nikasema.

"Kwenye bei ya nani?"

Sikujibu, kwa sababu nilimwona yule mama wa chupa. Mwalimu akaandika pembeni: "itozwe asilimia sifuri". Hapo muuzaji hatozi kitu na bado anarudishiwa alicholipa, basi hakuna VAT inayojificha ndani ya mtungi. Ukiyasema maneno hayo mawili sokoni yanasikika kama kitu kimoja. Katika sheria ya kodi kuna pesa za watu kati yao. Tangu siku hiyo sijawahi kumruhusu mtu wa timu yangu apeleke maoni Bungeni bila kumweleza mwenzake kwa mdomo tofauti ya maneno hayo.

Waraka wetu ulikuwa jedwali la safu tatu tu: kifungu, tunachopendekeza kiandikwe badala yake, na sababu. Nakala rasmi ilikwenda kwa Karani wa Bunge kama tangazo la gazetini lilivyoelekeza. Nyingine niliwapelekea wachambuzi wa Ofisi ya Bajeti ya Bunge, kwa kuwa wao ndio huwaandalia wabunge hesabu, na hakuna mtu anayethamini jedwali safi kuliko mchambuzi mwenzako aliye na siku nne za kusoma nyaraka mia. Hili hawalifundishi chuoni: wabunge wanakuja na kuondoka, makarani wa kamati na wachambuzi wanabaki. Waheshimu, wajibu simu zao siku hiyohiyo, wala usiwape tarakimu usiyoweza kuionyesha ukurasa ilikotoka.

Safari hii nilipoulizwa swali kwenye kamati nilikuwa na jibu. Gesi ya shilingi 1,000 kabla ya kodi inakuwa 1,160. Kwa anayelipwa kwa siku, ile 160 ni chakula cha jioni, na akiikosa anarudi kwa makaa. Niliieleza chupa yenye alama ya msumari kwa dakika moja, kisha nikanyamaza.

1 Julai 2022 VAT ya gesi ilishushwa hadi asilimia 8. Mwaka uliofuata ikawa sifuri. Mashirika mengi yalisukuma, pamoja na wafanyabiashara wenyewe wa gesi, na siwezi kusema ni kazi yangu. Nilikuwemo, na hilo linanitosha. Ila sheria hiyohiyo ya 2023 ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, mafuta taa yakiwemo. Anayepikia gesi alipata nafuu, anayepikia stovu akaongezewa mzigo. Sikulala vizuri wiki ile.

Cheo cha juu kilikuja 2023, na pamoja nacho ugumu ambao sikuutarajia. Ukiwa mtafiti, unagombana na data. Ukiongoza utetezi, unagombana na marafiki. Katika muungano mmoja mwenzetu alitaka tuongeze makisio ya idadi ya nyumba zilizoathirika ili vyombo vya habari vishtuke. Nia yake ilikuwa njema. Nilikataa, kikao kikachacha, tukatoka bila taarifa ya pamoja. Ningefanya vivyo hivyo leo. Uongo mdogo ukishikwa, chupa ya yule mama nayo itaonekana ya kutungwa.

Halafu ikaja 2024. Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwenye mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Nimezoea kuomba watu wasome miswada. Mwaka ule vijana waliisoma bila kuombwa, kifungu kwa kifungu, wakaitafsiri kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakaelezana kwenye simu. Tulishinda ofisini hadi usiku tukiwahakikishia maelezo yao. Tarehe 18 Juni pendekezo la mkate liliondolewa. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, na vijana waliuawa kwa risasi katika jiji hili. Kesho yake Rais alisema hatautia saini mswada. Siwezi kuiandika siku hiyo kama ushindi wa sera. Niliwajua baadhi ya waliokuwa barabarani. Walikuwa wamenipigia wiki hiyo kuuliza maana ya kifungu fulani.

Desemba mwaka uleule sheria nyingine za kodi zilitiwa saini, na baadhi ya mapendekezo ya Juni yalikuwemo ndani yake. Barabara zilikuwa kimya. Nilikuwa nimeiweka tarehe ya kutoa maoni kwenye kalenda, tukapeleka jedwali letu, baadhi ya hoja zikakubaliwa, nyingine hazikukubaliwa.

Wanagenzi wetu sasa wanalipwa. Nilipigania hilo kabla ya kitu kingine chochote nilipopewa nafasi ya kugusa bajeti ya ofisi, hata ikabidi tuahirishe kongamano moja. Mmoja wao mwaka huu amezaliwa na kukulia Mukuru. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta, inapotangaza bei mpya za mafuta, anashuka kwao jioni na daftari, akamuulize muuzaji wa kona kipimo cha hamsini kimefika wapi. Juzi alirudi na picha ya chupa, alama mbili zimechorwa kwa kalamu, tarehe kando yake. Aliniuliza, "Madamu, hii niiweke ukurasa wa ngapi?"

Nikamwambia wa kwanza, na aipeleke kabla ya tarehe 15 Februari.